Kukata Njia Nyembamba ya Meli kwa Chombo Kidogo: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Kosa linalojirudia ni hili: nahodha wa boti anaona meli upande wake wa kushoto. Anakumbuka alichofundishwa, kwamba vyombo viwili vya injini vikikatana, anayemwona mwenzake kuliani ndiye anayepisha. Anajihesabia haki, anaingia. Kwenye bahari wazi angekuwa sahihi. Ndani ya njia nyembamba amekwisha kuvunja kanuni kabla meli haijapiga hata honi moja.

Kanuni inayohusika ni ya 9 katika Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972. Kifungu (d) kinakataza chombo chochote kukata njia nyembamba iwapo kwa kufanya hivyo kitaizuia meli isiyoweza kusafiri salama nje ya njia hiyo. Kifungu (b) kinaongeza kwamba chombo cha chini ya mita 20, au cha tanga cha urefu wowote, kisiizuie meli ya namna hiyo. Wavuvi wamebanwa zaidi: kifungu (c) kinawataka wakiwa wanavua wasizuie chombo chochote kinachopita ndani ya njia, kikubwa kwa kidogo.

Maana yake ni kwamba uamuzi wote unafanyika ukiwa bado ukingoni. Kanuni ya kupisha inakuja baadaye, hatari ya kugongana ikishakuwepo, na hapo meli nayo inabaki na wajibu wake wote. Lakini wajibu hauipi meli breki. Meli kubwa iliyopakia inaweza kwenda zaidi ya maili nzima kabla ya kusimama, na ikipunguza mwendo kupita kiasi usukani hauishiki tena, kwa sababu usukani unafanya kazi kwa maji yanayoupita. Ikikwepa pembeni, inapanda fungu la mchanga.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kung'oa nanga

- Ramani ya bahari ya eneo hilo, iliyosahihishwa, inayoonyesha kina ndani na nje ya maboya yanayoweka mipaka ya njia.
- Jedwali la maji kujaa na kupwa la siku hiyo.
- Kanuni za bandari husika. Kanuni za 1972 zinaruhusu mamlaka za bandari, mito na njia za ndani kuweka sheria zao maalumu, na mara nyingi hizo ndizo kali zaidi.
- Dira ya mkononi, au dira ya chombo unayoweza kuitazama juu yake na kulenga kitu.
- Saa yenye mshale wa sekunde.
- Honi. Chombo cha chini ya mita 12 hakilazimiki kuwa na honi rasmi, ila lazima kiwe na kitu cha kutoa sauti inayosikika. Honi ya gesi inatosha. Hakikisha kopo lina gesi.
- Redio ya VHF, betri ikiwa imejaa.
- Jaketi okozi kwa kila mtu, zikiwa zimevaliwa. Zilizofungwa chini ya benchi hazihesabiwi.
- Nanga iliyo tayari kuteremshwa, na makasia kama chombo kinaruhusu.
- Taa za kusafiria na tochi yenye nguvu, hata kama unatarajia kurudi mchana.

Darubini ni msaada mkubwa, na kiakisi cha rada, kinachoifanya boti ionekane vizuri kwenye rada za meli, pia. Kifaa cha AIS, kinachotangaza utambulisho wa chombo na mahali kilipo, ni kizuri kwa kujua jina na mwendo wa meli, lakini programu za simu huchelewa kuonyesha meli ilipo, na boti nyingi ndogo hazina AIS kabisa. Usivuke kwa kutegemea skrini.

## Hatua ya 1: Chagua mahali pa kukatia

Kanuni ya 9 haitaji upana wowote wa mita unaofanya njia iitwe nyembamba. Kipimo kinachofaa ni hiki: je, kuna meli inayopita hapa ambayo ikitoka nje ya maboya itagusa chini? Kama ndiyo, ichukulie kuwa njia nyembamba.

Tafuta kwenye ramani kipande kilichonyooka, chembamba, kinachokuruhusu kuona mbali pande zote mbili. Epuka kona: meli inayokunja huzungusha tezi (sehemu yake ya nyuma) kwa upana mkubwa, na eneo lililokuwa wazi sekunde chache zilizopita linajaa chuma. Epuka pia panapokutana njia mbili, mbele ya gati za feri, na mahali marubani, yaani waongoza meli wa bandari, wanapopandia meli, kwa kuwa hapo meli hubadili mwendo ghafla.

Kisha angalia kina nje ya maboya, upande unaotokea na upande unaokwenda. Unahitaji maji ya kutosha kusubiri huku na ya kutokea kule. Watu wengi husahau huo upande wa pili: wanavuka vizuri, wanakuta fungu limeibuka maji yakipwa, wanabaki wakizungukazunguka ndani ya njia wakitafuta mlango.

Maboya yenyewe yasomeke kwa mfumo wa eneo ulilopo. Sehemu kubwa ya dunia inatumia Mfumo A: ukiingia kutoka baharini, mekundu yanakuwa kushoto na kijani kulia. Amerika zote, Japani, Korea na Ufilipino zinatumia Mfumo B, kinyume chake.

Utajua umefaulu ukiweza kuonyesha kwa kidole sehemu tatu kwenye ramani: ninaposubiri, ninapokata, ninapotokea.

## Hatua ya 2: Piga hesabu ya muda, kwa kalamu

Hapa ndipo wengi hukisia, na kukisia huku ndiko kunakoponza. Meli kubwa inaonekana inajikongoja kwa sababu ni kubwa. Jicho linapima mwendo kwa kulinganisha na urefu wa kitu, na kitu cha mita 300 kinachukua muda mrefu kuupita urefu wake chenyewe.

Fundo moja ni maili moja ya baharini, yaani mita 1,852, kwa saa. Hiyo ni kama mita 31 kwa dakika. Zidisha:

Boti yako ya mafundo 5 inakwenda mita 154 hivi kwa dakika. Meli ya mafundo 12 inakwenda mita 370 kwa dakika.

Tuseme njia ina upana wa mita 300. Utahitaji dakika 2 kuvuka. Sasa ziongeze mara mbili, ziwe 4, kwa ajili ya injini kukohoa, wimbi, au mwendo wako halisi kuwa mdogo kuliko ulivyodhani. Ndani ya dakika 4 meli inakuwa imekwenda mita 1,480.

Bado hujamaliza. Kanuni za SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, Sura ya V, kanuni ya 22, zinaruhusu uso wa bahari mbele ya omo (sehemu ya mbele ya chombo) usionekane kutoka chumba cha usukani kwa umbali wa urefu wa meli mara mbili au mita 500, ule ulio mdogo. Yaani kwa meli ndefu, unaweza kuwa mita 400 mbele yake, kihalali kabisa, na nahodha wake asikuone. Ongeza mita 500 hizo. Jumla inakaribia kilomita 2.

Kwa hiyo katika mfano huu, meli ikiwa umbali wa chini ya kilomita 2 na inakuja, huvuki mbele yake. Fanya hesabu hii kwa upana wa njia yako na mwendo wa boti yako, iandike, ibandike karibu na usukani. Ukiwa unarushwa na mawimbi hutaweza kuzidisha kichwani.

## Hatua ya 3: Subiri nje, tazama pande zote

Kaa nje ya mstari wa maboya, injini ikiwa inawaka, omo ikiwa imeelekea kando ya njia na si ndani yake. Sababu ni ya kibinadamu: rubani wa meli anakutazama. Omo iliyolenga katikati ya njia inamwambia unakuja. Omo iliyolala sambamba na njia inamwambia umemwona na umengoja.

Tazama kushoto, kulia, kisha nyuma yako. Angalia hasa nyuma ya meli iliyo karibu, kwa sababu meli moja huficha nyingine. Sikiliza pia idhaa ya VHF ya bandari. Meli hutangaza zinapofika vituo fulani, na kwa dakika chache za kusikiliza utajua nini kinakuja kutoka nyuma ya kona.

Mwekee mtu mmoja kazi ya kutazama tu. Asishike kamba, asipige picha.

## Hatua ya 4: Pima meli kwa dira

Lenga omo ya meli kwa dira ya mkononi, soma nyuzi, tazama saa. Baada ya dakika moja, huku ukishika mwendo na mwelekeo uleule, soma tena.

Nyuzi zikibaki zilezile na meli inazidi kukua, mtagongana. Zikibadilika waziwazi, mtapishana, lakini kanuni ya 7 inaonya kwamba kwa meli kubwa sana, kwa chombo kinachovuta kingine, au kwa umbali mfupi, hatari inaweza kuwepo hata nyuzi zikibadilika. Ndiyo maana pima omo, kisha pima na tezi. Omo kukupita salama hakukuambii chochote kuhusu mita 300 zinazofuata.

Huna dira? Tumia nchi kavu iliyo nyuma ya meli. Chagua mnara, nyumba au mti ulio mbali. Ikiwa omo ya meli inaendelea kuufunika ukanda wa pwani ulio mbele yake, meli itapita mbele yako. Ikiwa nchi kavu inazidi kufunuka mbele ya omo, wewe ndiye utakayepita mbele. Ikiwa mnara umeganda palepale kwenye omo, punguza mwendo au geuka sasa hivi.

Kipimo hiki kina maana tu ukiwa unasafiri kwa mwendo ule utakaovukia. Ukiwa umesimama ukingoni, tegemea hesabu ya Hatua ya 2.

## Hatua ya 5: Amua, na ukiwa na shaka pita nyuma

Kuna majibu matatu tu: njia ni nyeupe: vuka; meli iko mbali kuliko umbali ulioandika: vuka; vinginevyo: subiri ipite kisha ukate nyuma ya tezi. Hilo la tatu ndilo ninalolipenda kuliko yote, hata pale hesabu inaporuhusu kupita mbele. Linagharimu dakika chache tu za kusubiri.

Ukipita nyuma, lenga tezi ya meli tangu mapema, ili walioko juu waone umeamua. Kisha acha mkondo wa rafadha, panga linaloisukuma meli, utulie kidogo kabla ya kuukata, na uukate kwa mwendo wa taratibu, omo ikikabili wimbi.

Onyo kubwa: usikate nyuma ya tagi (boti ya kuvutia vyombo vingine) kabla hujahakikisha kama inavuta kitu. Kamba ya kuvutia huzama chini ya maji na haionekani, huku tishari, chombo cha mizigo kinachovutwa, linafuata mbali nyuma kana kwamba linaelea lenyewe. Mchana, kama urefu kutoka tagi hadi mwisho wa kinachovutwa unazidi mita 200, tagi hutundika alama nyeusi ya umbo la almasi. Usipite kati yao kamwe.

Wenye matanga wana la kuzingatia zaidi. Haki mliyonayo mbele ya chombo cha injini haiwasaidii dhidi ya meli iliyobanwa ndani ya njia. Na meli ndefu huzuia upepo: tanga linalegea ghafla, mwendo unakufa mkiwa mmeshaingia. Washeni injini kabla ya kuvuka, hata kama tanga limetwekwa.

Agosti 2011, katika mlangobahari wa Solent kusini mwa Uingereza, mashua ya mashindano iitwayo Atalanta of Chester iligongana na meli ya mafuta Hanne Knutsen. Tanga la mbele la mashua lilinasa kwenye nanga ya meli na mlingoti ukavunjika. Nahodha wa mashua alitiwa hatiani mahakamani. Eneo hilo lilikuwa na sheria yake ya bandari: meli inayozidi mita 150 iachiwe mita 1,000 mbele na mita 100 kila ubavu. Sheria kama hizo ndizo nilizosema uzisome kabla ya kuondoka.

## Hatua ya 6: Kata moja kwa moja

Elekeza omo kwa pembe mraba na njia, kaza mwendo, nenda. Kanuni ya 9 haitaji pembe mraba. Wanaotajiwa ni wanaokata njia zilizotengwa za meli, chini ya kanuni ya 10. Lakini sababu ni ileile: unakaa ndani kwa muda mfupi zaidi, na meli inaona ubavu wako mzima, hivyo haibaki kujiuliza unakwenda wapi.

Mkondo wa maji utakusukuma pembeni. Usipigane nao. Katika mfano wetu wa dakika 2, mkondo wa mafundo 2 utakusogeza mita 120 hivi. Anzia juu zaidi, uache ukuteremshe hadi sehemu ya kutokea. Anayegeuza omo ili abaki kwenye mstari anapunguza kasi yake ya kuvuka na kuonekana kwa meli kama anayesafiri ndani ya njia.

Usisimame katikati, usipunguze mwendo kutazama simu, usibadili nia nusu nusu. Ukilazimika kugeuka, geuka kwa pembe kubwa inayoonekana kutoka mbali.

Utajua umefaulu ukiwa nje ya mstari wa maboya ya pili, na meli haijabadili mwendo, haijageuza usukani, haijapiga honi kwa sababu yako. Ukishatoka, endelea kusogea. Meli inayopita huvuta maji kutoka ukingoni kisha kuyarudisha kwa kishindo. Chombo kilichosimama kwenye maji mafupi kinaweza kukaa chini na kupigwa na wimbi hapohapo.

Kama safari yako inafuata njia badala ya kuikata, ambaa na ukingo wa kulia karibu kadiri ilivyo salama. Na kama nje ya maboya kuna maji ya kutosha kwa boti yako, pita huko, uwaachie njia wasio na pengine pa kupita.

## Honi za kujua kwa moyo

Mlio mfupi ni wa sekunde moja hivi. Mrefu ni wa sekunde 4 hadi 6.

- Mmoja mfupi: nageuza kulia.
- Miwili mifupi: nageuza kushoto.
- Mitatu mifupi: nimerudisha injini nyuma. Usidhani imesimama, bado inakuja mbele.
- Mitano au zaidi, mifupi ya harakaharaka: sielewi unachotaka kufanya. Kanuni ya 9 inaruhusu meli kuwapigia hivi wanaokata njia.
- Mmoja mrefu: nakaribia kona ambako sioni. Ukiwa upande wa pili wa kona, jibu kwa mlio mrefu.
- Miwili mirefu na mmoja mfupi: nataka kukupita kwa upande wako wa kulia. Miwili mirefu na miwili mifupi: kwa upande wako wa kushoto. Anayekubali hujibu mrefu, mfupi, mrefu, mfupi.

Mitano ikikukuta ndani ya njia, tenda mara moja. Kama hujafika katikati, geuka urudi ulikotoka. Kama umeshapita katikati na njia mbele ni nyeupe, ongeza mwendo utoke.

## Usiku na ukungu

Usiku soma taa. Ukiona nyekundu na kijani kwa pamoja, na taa nyeupe mbili za mlingoti zimepangana moja juu ya nyingine, meli inakujia moja kwa moja. Ukiona kijani peke yake uko upande wake wa kulia. Nyekundu peke yake, upande wake wa kushoto. Taa nyeupe ya chini ndiyo ya mbele, kwa hiyo nafasi kati ya hizo mbili inakuonyesha meli inaelekea wapi, na ikianza kupungua ujue inageukia kwako. Nyekundu tatu zilizopangwa wima ni za meli iliyobanwa na kina. Mchana hiyohiyo inaweza kutundika silinda nyeusi.

Taa za mjini nyuma ya njia humeza taa za meli. Tafuta pengo jeusi linalotembea na kuzimazima taa za pwani. Hiyo ndiyo meli.

Kwenye ukungu usivuke. Ukikukuta ndani, toka kwa njia fupi kuelekea maji mafupi, ambako meli haiwezi kukufuata, kisha teremsha nanga hapo. Honi za ukungu hazisemi umbali, na mwelekeo wake hudanganya.

## Injini ikizima katikati

Kwanza tazama meli iko wapi na mkondo unakupeleka wapi. Kama unakupeleka nje, usiusumbue. Tumia makasia au tanga kuusaidia.

Ita kwenye VHF idhaa ya 16, au idhaa ya bandari kama unaijua, useme jina la chombo, ulipo kwa kutaja boya la karibu, kwamba injini imezima ndani ya njia ya meli, na idadi ya watu. Taja boya kabla ya mengine, mawasiliano yakikatika wawe wamelisikia. Meli ikiwa inakuja, piga milio mitano mifupi na mmulike chumba chake cha usukani kwa tochi mara tano za harakaharaka.

Kanuni ya 9 inataka usitie nanga ndani ya njia nyembamba ikiwa hali inaruhusu. Kwa hiyo nanga itumike pale tu mkondo unapokusukuma kuelekea katikati na huna njia nyingine ya kuuzuia, na ukiitia, ufunge boya kwenye mwisho wa kamba ili uweze kuiachia papo hapo. Fundi wa injini aanze kazi baada ya haya yote kufanyika.